Nakala ya michoro ya Kondoa ijengwe Dodoma mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mwaka jana nilikwenda Ufaransa kumtembelea binti yangu aliyeolewa Bordeaux. Siku moja mkwe wangu alitupakia garini, wajukuu na wote, tukaenda Montignac kuona michoro ya kale ya pango la Lascaux.

Tulipofika tukaambiwa pango lenyewe hatutaliona. Vijana waliligundua mwaka 1940, likafunguliwa kwa wageni 1948, na haikupita miaka kumi watu wapatao 1,200 walikuwa wakiingia kila siku. Pumzi na joto lao, pamoja na taa, vikaotesha ukijani ukutani. Serikali ikalifunga mwaka 1963. Tulichoingia sisi ni nakala iliyofunguliwa mwaka 2016 chini ya kilima hicho hicho.

Mjukuu wangu mkubwa akanung'unika kwamba bibi amelipishwa tiketi ya kitu bandia. Mimi nilivaa sweta, maana hata ubaridi wa pangoni wameuiga, nyuzi 13, nikainua kichwa. Fahali mmoja pale ana urefu wa zaidi ya mita 5! Kila ufa na kila kinundu cha mwamba kimerudiwa, kwa kuwa wachoraji wale wa miaka kama 17,000 iliyopita walivitumia vinundu hivyo kutokeza mabega na matumbo ya wanyama. Hata yule mnung'unikaji ilibidi aitwe mara mbili kutoka.

Nimekulia Pahi, Kondoa. Tukichunga mbuzi tulijikinga mvua chini ya miamba yenye michoro, wala hatukuona ajabu. Katika Lascaux yote binadamu ni mmoja tu, tena ana kichwa kama cha ndege. Kwetu watu wamejaa, warefu na wembamba, wekundu, wakiwa na twiga na pofu. UNESCO iliiorodhesha michoro yetu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Sasa hoja yangu. Wafaransa tusiwaige kufuli. Michoro ya Kondoa haiko ndani kabisa ya pango, iko wazi mwambani, kwa hiyo pumzi si adui yake. Inaharibiwa na jua, maji na mikono. Nimemwona mgeni akiimwagia maji ya chupa ili picha yake ing'ae. Tena kule Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro hiyo, watu bado wanatambika. Ukifunga pale umewafungia wenyewe nyumba yao.

Cha kuiga ni nakala. Watoto wa shule wanaletwa Dodoma kwa mabasi kuona Bunge, kisha wanarudi makwao bila kujua kuwa ndani ya mkoa huu huu kuna michoro hiyo. Kolo ni mbali, na kupanda kule si kwa kila mtu. Mimi mwenyewe magoti yamegoma. Ukuta mmoja wa mwamba uliorudiwa vizuri hapa mjini ungetosha kuanzia. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikaa Kondoa mwaka 1951 akiinakili michoro hiyo kwa mkono, sembuse leo tuna kamera na vijana wengi waliosomea sanaa.

Wachoraji watakaojitokeza waje Pahi, ndugu zangu watawaonyesha njia. Wavae viatu vya maana tu, kule kuna miiba.

Mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma