Ruzuku ya gari la umeme inamfuata anayejiweza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kwamba gari la umeme ni ghali siku ya kulinunua tu, baadaye linajilipa lenyewe. Hesabu yao siipingi. Umeme wa nyumbani kwa kawaida hugharimu chini ya petroli ya safari ile ile, oili ya injini haipo, plagi za kuwashia petroli hazipo, na hata breki hukawia kulika kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Ninachouliza ni nani anayeifikia hiyo "baadaye".

Faida huja kidogo kidogo kwa miaka. Bei hudaiwa siku moja. Mwenye akiba hutoa taslimu. Asiye nayo hukopa, na kwa kuwa benki humwona mteja wa mashaka, mara nyingi hutozwa riba kubwa zaidi. Mkopo ukiisha, mwenye kipato kidogo amelipa zaidi kwa gari lile lile.

Serikali nyingi zilidhani ruzuku itaziba pengo hilo. Tazama Marekani. Kwa miaka mingi mnunuzi wa gari jipya la umeme aliahidiwa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500, ila nafuu hiyo haikuweza kuzidi kodi aliyokuwa akidaiwa. Aliyedaiwa dola 20,000 aliipata yote. Aliyedaiwa 2,000 aliambulia hizo 2,000, na zile 5,500 zikabaki kwenye karatasi. Tena ilibidi kwanza alipe bei kamili, kisha asubiri msimu wa kujaza fomu za kodi. Wachumi Severin Borenstein na Lucas Davis walipopitia taarifa za kodi za mwaka 2006 hadi 2012, walikuta kiasi cha asilimia 90 ya fedha za nafuu hiyo zilikwenda kwa ile sehemu moja ya tano ya walipakodi yenye vipato vya juu kabisa. Hapo aliye nacho aliongezewa, tena kwa mujibu wa sheria.

Sheria ya mwaka 2022 ilirekebisha mengi: iliweka ukomo wa kipato, ikatoa hadi dola 4,000 kwa gari lililokwisha kutumika, na kuanzia 2024 punguzo likawa linaweza kukatwa pale pale kwa muuzaji. Watu wa kawaida walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuonja, mpango ukafutwa kwa magari yaliyonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025.

Norway, inayosifiwa kila mahali, nayo ilikuwa na doa lake. Tangu 2001 magari ya umeme yalisamehewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, bila kujali bei. Gari la kroni 400,000 lilisamehewa kroni 100,000. La kifahari la kroni milioni moja lilisamehewa 250,000. Mwaka 2023 ndipo msamaha ulipowekewa kikomo cha kroni 500,000 za mwanzo.

Najua jibu: waacheni wenye fedha watangulie, magari yao yatashuka kwenye soko la mitumba. Yatashuka, sawa. Lakini anayenunua mtumba wa umeme ananunua betri, na dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka minane au kilomita 160,000. Gari likimfikia mmiliki wa tatu, dhamana inakaribia kwisha na hana namna rahisi ya kujua betri imebakiwa na uwezo gani. Cheti cha hali ya betri kingepaswa kuwa sharti la kila mauzo.

Halafu kuna suala la kuchaji, ambalo kwangu ni zito kuliko bei. Umeme wa bei rahisi ni wa nyumbani, usiku, kwa mwenye nyumba na maegesho yake. Mpangaji wa ghorofa ya nne anaegesha barabarani. Hawezi kuteremsha waya dirishani, na mwenye jengo haoni sababu ya kugharamia chaja itakayomfaidi mpangaji. Anabaki na vituo vya kuchajia haraka, ambako uniti moja mara nyingi ni ghali maradufu au zaidi. Uingereza imefika mbali zaidi: umeme wa nyumbani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, wa kituoni asilimia 20. Asiye na maegesho anatozwa kiwango cha kodi mara nne ya kile cha jirani yake.

Wala tusiambiwe kwamba wenye kipato kidogo hawayataki magari haya. Mwanzoni mwa 2024 Ufaransa iliwapa nafasi ya kuyakodi kwa takriban yuro 100 kwa mwezi, kwa sharti la kipato na kwa wale wanaolazimika kuendesha mbali kwenda kazini. Maombi yalifurika, na Februari mpango ukafungwa baada ya kufikia magari takriban 50,000.

Kwa hiyo fedha za ruzuku zikipatikana tena popote, zitangulie kwenye chaja za majengo ya wapangaji na kwenye magari yaliyotumika, na punguzo likatwe siku ya kununua. Anayeweza kulipia gari la kifahari alipie mwenyewe.

Wako,
Msomaji mpangaji