Tuelekezeni mlango wa kutokea, si jina la duka tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe hoja moja kuhusu makala zinazowaelekeza wasafiri mahali pa kupata vitamutamu karibu na stesheni za treni mijini. Makala hizo zinapendwa, na mimi ni mmoja wa wanaozikata na kuzihifadhi. Hata hivyo, nyingi hutaja jina la duka, zikasifu keki yake kwa maneno matamu kuliko keki yenyewe, kisha zikamalizia kwa kusema kwamba duka liko hatua chache tu kutoka stesheni. Hatua chache kutoka wapi? Abiria mwenye dakika 40 kati ya treni moja na nyingine ana shida ya kujua atokee mlango gani, atembee kwa muda gani, na akifika saa hiyo atakuta nini kabatini. Sifa atajitolea mwenyewe akishaonja.

Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 80 kwa dakika, kwa hiyo nusu kilomita ni mwendo wa dakika sita hivi. Hesabu hiyo ni rahisi mezani, lakini ndani ya stesheni kubwa huvurugika mapema. Treni ndefu za mwendokasi za Ulaya zina urefu wa mita 400, na aliyepanda behewa la mwisho hutembea dakika tano nzima kabla hajafika kwenye lango la jukwaa. Stesheni ya Shinjuku jijini Tokyo ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Ukimwambia mgeni kwamba duka liko jirani na stesheni kama hiyo, hujamwambia kitu. Zaidi ya hayo, reli yenyewe huukata mji vipande viwili. Duka lililo ng'ambo linaweza kuonekana kwa macho kutoka jukwaani, na kwenye ramani likawa umbali wa mita 150, ilhali daraja la waendao kwa miguu liko mbali na lina ngazi ambazo mwenye sanduku zito hawezi kuzipanda bila kusimama. Mwandishi aliyelifikia duka kwa teksi halioni hilo daraja.

Tuchukue dakika hizo 40. Ukitoa dakika kumi za kuwa umesharudi jukwaani kabla ya treni kuondoka, tano za kutoka nje na tano za foleni, zinabaki 20, yaani kumi za kwenda na kumi za kurudi. Hizo ni kama mita 800 kwa mtu asiye na mzigo, na pungufu sana kwa aliyebeba mtoto. Duka lililo nje ya mipaka hiyo, hata liwe zuri namna gani, si la abiria huyo.

Sababu ya kwenda mbali na mlango mkuu inajulikana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mlangoni pa stesheni kibaya nacho hujiuza, kwa kuwa mnunuzi ana haraka na hatarudi kulalamika. Pango la fremu za hapo huwa kubwa, na muuzaji hulifidia kwa kuuza vitu vingi, upesi, kwa watu wanaopita mara moja tu. Sisemi kwamba kila kilichomo ndani ya stesheni ni kibaya. Stesheni inayohudumia wafanyakazi wanaopita kila asubuhi na kila jioni huwa na wauzaji wanaojua kwamba mteja wa leo ndiye wa kesho, na hao hujichunga. Ndiyo maana napendekeza waandishi wenu watazame foleni kabla ya kutazama keki. Wakiona watu wasio na mizigo wamepanga mstari mbele ya duka dogo lililo dakika tano kutoka mlango wa nyuma, karibu na ofisi, shule au hospitali, hapo pana jambo la kuandika.

Wakishaingia, watuambie wanachokiona. Kuna vile vikeki vyepesi vyenye uwazi ndani, vinavyojazwa krimu au kastadi: vikijazwa alfajiri na kukaa kabatini hadi mchana, unyevu wa krimu hulainisha ganda, na ukikiuma kimoja hukunjika badala ya kuvunjika. Katika duka linalojali, maganda matupu hukaa kwenye trei, na muuzaji hukijaza kimoja mbele yako baada ya wewe kuagiza, akitoboa tundu chini na kukamua krimu mpaka aone ganda limetuna kidogo. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, lakini hutenganisha kitu cha kukumbukwa na kitu cha kushibia tu. Mikate ya siagi yenye tabaka nyingi nayo ina saa zake: hupendeza ndani ya saa chache baada ya kutoka tanurini, kisha hunyonya unyevu na kulegea. Hivyo kuandika kwamba duka linafunguliwa saa moja asubuhi hakutoshi kama trei ya pili hutoka saa tisa alasiri, wakati ambapo abiria wengi ndio wanapita. Harufu ya siagi iliyotapakaa barazani nayo isiwapotoshe, kwani unga uliokandwa kiwandani na kugandishwa hunukia vizuri vilevile ukiokwa.

Kuhusu aiskrimu nitasema machache. Aiskrimu za bei nafuu zinaweza kuwa na hewa kiasi cha nusu ya ujazo wake, na ndiyo maana huwa nyepesi mkononi na huisha mdomoni kabla ya ladha kufika. Rundo la rangi kali lililopandishwa juu ya ukingo wa chombo huvutia kupigwa picha, lakini sehemu ya juu haipati ubaridi wa kutosha. Mimi huwaamini zaidi wanaoihifadhi kwenye vyombo vya chuma vyenye vifuniko, ingawa nakiri kwamba madirisha yao hayapendezi.

Limebaki suala la kubeba, ambalo makala nilizosoma hazijaligusa kabisa, ilhali wengi wetu hununua kwa ajili ya watu walio mwisho wa safari. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na vyakula vinavyoharibika haraka vihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Kastadi na krimu zimo katika kundi hilo. Kwa hiyo keki ya krimu inafaa kwa safari fupi au kwa kuliwa papo hapo, na mwenye safari ndefu aelekezwe kwenye biskuti, keki kavu za siagi au matunda yaliyokaushwa, ambavyo hustahimili joto na mtikisiko wa behewa. Muuzaji anayekuuliza safari yako ni ya muda gani kabla hajafunga boksi anastahili kutajwa gazetini kuliko yule mwenye utepe mzuri.

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, naomba kila duka mnalolitaja katika safu zenu liambatane na mambo manne: mlango wa stesheni wa kutokea, dakika za kutembea kutoka mlango huo zilizopimwa na mtu aliyebeba begi, saa ambazo bidhaa hutoka jikoni, na muda ambao bidhaa hiyo inaweza kukaa safarini. Hayo yataenea katika mistari miwili, na nafasi yake itapatikana mkipunguza maelezo kuhusu rangi ya kuta na viti. Duka likihama, au mlango ukifungwa kwa matengenezo, sentensi moja ya masahihisho katika toleo linalofuata itatosha.

Wako mtiifu,
Msomaji na msafiri wa treni