Risala ya Klabu kwa Mgeni wa Heshima: Alama Tatu Zilizobaki Ahero

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,
Mwalimu Mkuu, uliyetukopesha ukumbi leo na uwanja siku nyingine zote,
Wawakilishi wa kaunti na wa tawi letu la soka,
Wazazi wa wachezaji, akina mama wa Kibuye, waendesha boda wa Kondele,
Wachezaji, mashabiki, mabibi na mabwana,

Hamjambo?

Mimi ni katibu wa klabu, na nimetumwa na wenzangu kukusomea risala hii. Mgeni wa Heshima, tumekukaribisha nyumbani, na neno hilo hatulitumii kwa adabu tu. Ulilinda lango letu misimu minne. Mashabiki wazee waliokaa safu ya nyuma bado wanakuita Kipa, kwa hiyo uwasamehe wakisahau kutanguliza "mheshimiwa". Kazi yako ya Nairobi wanaisikia kwa watu. Mipira uliyoipangua Moi Stadium waliiona kwa macho yao.

Risala za mji huu zina mtindo wake. Msomaji anataja changamoto kumi, kisha maombi kumi. Mgeni anasimama anaahidi yote kumi, makofi yanapigwa, soda zinagawanywa, na baada ya wiki mbili simu haishikwi. Kamati yetu imekaa ikakubaliana kwamba leo tuombe jambo moja. Ila kabla ya kulitaja itabidi turudi Ahero.

Wewe siku ile unaikumbuka. Hawa vijana waliokaa mbele hawaijui, wengine walikuwa hawajaanza shule, basi nitawasimulia wao. Msimu wa Ligi Kuu ulikuwa unaelekea ukingoni, nasi tulikuwa na mechi Nairobi saa tisa alasiri. Timu yenye uwezo husafiri siku moja kabla, ikalala, ikaamka na kunyoosha miguu. Sisi tuliondoka Kisumu saa kumi alfajiri, siku yenyewe ya mechi, kwa basi la kukodi ambalo mwenyewe alikuwa akitudai safari mbili za nyuma. Tulipofika Ahero, karibu na daraja la Nyando, dereva akaegesha kando, akazima injini na kuchomoa ufunguo. Tajiri wake alikuwa amemwagiza: pesa kwanza. Wakubwa wa klabu wakapigiwa simu. Simu zimezimwa. Jua likachomoza likawakuta wachezaji wamesimama kando ya barabara, daluga shingoni, wauza mchele wakiwauliza kama wao ni timu au ni kwaya.

Mkachanga za mfukoni. Mkaanza kusimamisha matatu za Nairobi, wawili hapa, mmoja pale, palipokuwa na kiti. Saa tisa ilipofika, walioingia uwanjani walikuwa tisa. Kanuni zinaruhusu mechi ianze mradi wachezaji wasipungue saba, basi refa akapuliza kipyenga. Wengine wawili waliwasili kipindi cha pili wakiwa na vumbi la Salgaa usoni. Glavu zako, Mheshimiwa, zilikuwa zimebaki ndani ya begi la vifaa kwenye lile basi. Ulidaka dakika tisini kwa mikono mitupu, mvua ikinyesha, tukafungwa manne. Wapo wanaosema manne ni mengi. Waliokuwepo wanajua yangekuwa kumi.

Msimu ukaisha, tukashuka daraja kwa upungufu wa alama mbili. Watu walisema ulinzi ulivuja, wengine wakasema kocha hakujua kupanga kikosi. Sisi tuliokuwa ndani tunajua kwamba alama tatu zilibaki Ahero.

Hapa nina jambo langu mwenyewe la kusema, na halimo katika nakala iliyopitishwa na kamati. Mwenyekiti ananitazama sasa hivi. Wakati ule mimi nilikuwa naibu wa mweka hazina. Mojawapo ya simu zilizozimwa asubuhi ile ilikuwa yangu. Nilijua akaunti haina kitu, na sikuwa na la kuwaambia. Pesa za mlangoni za mechi tatu za nyumbani niliziandika nyuma ya karatasi ya ratiba, na karatasi yenyewe ikapotea. Sikula hata shilingi moja, lakini ningelithibitishaje? Mashabiki walipouliza nilikasirika badala ya kujibu. Mwezi uliofuata mfadhili akaondoka, na sikuweza kumlaumu. Ni nani amwagaye mahindi kwenye gunia lililotoboka? Baada ya mfadhili wakaondoka mashabiki. Hao ndio walioniuma.

Sasa tuko Supa Ligi, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Wengi wanadhani kushuka daraja ni kama kuhama nyumba kubwa ukaingia ndogo, kwamba kodi nayo itapungua. Ramani ya Kenya haikupungua hata kidogo. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, uwe unacheza ligi ya juu au ya chini, na hakuna basi lililowahi kutupunguzia nauli kwa sababu tumeshuka. Supa Ligi yenye timu 20 ni mechi 38, na 19 kati yake ni za ugenini. Timu mbili za kwanza hupanda moja kwa moja. Ya tatu hucheza mchujo na timu iliyomaliza ya 16 katika Ligi Kuu. Kilichopungua ni mapato. Mlangoni huingia watu wachache, nusu yao jamaa za wachezaji ambao hawalipi. Na hata kucheza nyumbani kunagharimu: gari la wagonjwa lisipokuwepo kando ya uwanja, mechi haianzi, na anayeumia ni mwenyeji. Kuna Jumapili moja tuliwahi kulisubiri gari hilo huku mweka hazina akizungukia mashabiki na kofia mkononi.

Majirani zetu wamepita njia hii kabla yetu. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2006. Mwaka 2019, baada ya mfadhili mkuu wa ligi kujiondoa, timu hiyo hiyo iliondolewa ligini kwa kukosa kufika kwenye mechi tatu. Timu iliyowahi kuwa bingwa wa nchi nzima ilishindwa na safari. Shabana wa Kisii nao walishuka mwaka ule ule wa 2006, na hawakurudi Ligi Kuu hadi 2023. Ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa waliposhuka alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho waliporudi. Kwa hiyo ndugu zetu wanaotusimamisha pale Kondele kila Jumatatu kutuuliza tunapanda lini, tunawaomba wapige hesabu hiyo kwanza.

Lakini ukimuuliza mtu wa Kisii kilichowarudisha, hatakwambia subira. Atakwambia "Tore Bobe", kauli ya mashabiki wa Shabana, na ataanza kuimba. Miaka yote ile ya chini watu wao hawakuisahau timu. Wao walikuwa na mashabiki waliobaki. Sisi wetu tuliwafukuza wenyewe kwa karatasi iliyopotea.

Utauliza, Mheshimiwa, kwa nini tujisumbue, ilhali Kisumu nzima ni ya Gor Mahia. Ni kweli, hata mimi mwenyewe ni wa Gor. Na kila mzee wa mji huu atakwambia alikuwa Kasarani mwaka 1987, Gor ilipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia, baada ya 2-2 ya kule Tunis, na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Tukiwakusanya wote wanaodai walikuwepo, Kasarani ingehitaji ghorofa nyingine. Hatushindani na Gor. Ila Gor huja Kisumu kututembelea, kisha inarudi Nairobi. Kijana wa Nyalenda au Manyatta anataka timu ambayo anaweza kuifikia kwa miguu saa kumi jioni akitoka shule, akaomba kujaribiwa, na akikataliwa arudi tena wiki ijayo. Wazee walikuwa na Kisumu Hot Stars, wakawa na Kisumu Posta. Hawa watoto waliotuimbia leo wana nani?

Nitayapitia haraka tuliyoyafanya, maana mengi unayaona. Klabu imesajiliwa upya kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya 2013. Kuna uchaguzi, na kuna mkutano mkuu wa mwaka ambao watu huja kwa hasira na kuondoka wamelipa ada. Timu ya vijana wa chini ya miaka 17 hufanya mazoezi kwenye uwanja wa shule hii kwa sharti moja la Mwalimu Mkuu, kwamba wafukie mashimo kabla ya kwenda nyumbani. Kocha wetu yuko masomoni kutafuta leseni ya CAF ya daraja la juu, kwa sababu Ligi Kuu haikuulizi mabao tu. Inakuuliza kocha ana leseni gani, vijana wako wako wapi, utachezea uwanja gani, na nani amekagua hesabu zako. Tukipanda kesho bila hayo, keshokutwa tutashuka.

Hesabu ndizo nitakazosimama nazo kidogo. Kila mwisho wa mwezi, daftari la mapato na matumizi hubandikwa ukutani kwenye kinyozi kinachotazamana na kituo cha boda. Hatukuchagua ofisi, tulichagua kinyozi, kwa sababu pale mtu hukaa nusu saa hana la kufanya ila kusoma. Mwezi wa kwanza tulitukanwa. Mwezi wa pili mtu mmoja alikuta kosa la shilingi 300 kwenye jumla, na kosa lilikuwa letu. Tukalisahihisha kwa kalamu nyekundu pale pale ukutani. Mwezi wa tatu akina mama wa Kibuye wakaja kuuliza wanaweza kuchangia wapi. Tangu hapo wanaleta kila Jumapili soko likifungwa.

Na uwanjani? Msimu uliokwisha tulimaliza wa tano. Nyumbani tulifungwa mara moja tu. Ugenini, kila tuliposafiri mapema tukalala, tulirudi na alama, iwe moja iwe tatu. Kila tuliposafiri siku yenyewe ya mechi, tulirudi mikono mitupu. Sikuhitaji mtaalamu wa takwimu kunifasiria; niliketi na ratiba na risiti za nauli, nikaviweka sambamba, nikanyamaza.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Hatuombi basi. Tumeona timu zikipewa mabasi yaliyopakwa rangi za klabu, na leo yamekaa chini ya miti, kuku wanatagia ndani. Basi lina tairi, bima, dereva na fundi, na sisi hatuna uwezo wa kulilea. Hatuombi bahasha pia, ingawa mweka hazina amenikanyaga mguu nisiseme hivyo. Tunaomba utudhamini kwa sako ya mabasi, yaani ushirika wa wenye mabasi, kwa zile safari sita ndefu za msimu ujao, za Pwani na za mbali kuliko Nairobi, ili tuondoke siku moja kabla na tulipe kidogo kidogo kwa miezi kumi. Sako imekubali masharti hayo mradi apatikane mtu wa kutia sahihi nyuma yetu. Malipo ya miezi mitatu ya kwanza tayari yako benki. Risiti imebandikwa kwa kinyozi. Tukichelewa kulipa hata mwezi mmoja, hatutakwambia tuko mkutanoni. Utaliona pengo ukutani wewe mwenyewe, au utapigiwa simu na yule bwana wa shilingi 300.

Na kama haiwezekani, Kipa, tuambie leo hapa hapa haiwezekani. Tutapiga makofi yale yale na soda utakunywa.

Tumekuletea kitu. Wiki mbili baada ya ile safari, begi la vifaa lilirudishwa Kisumu juu ya gari la mboga. Mzee wetu wa vifaa, unayemfahamu, alitoa glavu zako akazikausha, akaziweka kwenye kabati lake, na miaka yote hii amekataa kumpa mtu mwingine. Mpira wake umekauka ukapasuka. Haziwezi kudaka hata chungwa. Kipa wa timu yetu ya vijana atazileta mbele sasa, pamoja na daftari la wanachama. Jina la kwanza humo ni la mama anayeuza omena Kibuye, shilingi 50 kila Jumapili, hajakosa hata mara moja. Barua ya sako iko katikati ya daftari, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye jalada, kwa sababu tunaijua Kisumu.

Erokamano. Karibu nyumbani.

Ni sisi,
Wachezaji, viongozi na mashabiki wa klabu.
Imesomwa na Katibu.