Mgeni akiuliza ukweli tumwambie

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Iringa wageni wa Kijerumani wanakuja makumbusho ya Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lile wazee wao walilolibeba baada ya yeye kufa 1898 likaja kurudi 1954, na mara nyingi naona kitu kilekile, mgeni kasimama mbele ya kioo uso umemwiva, anataka kuuliza wazee wake walifanya nini huku, na sisi wenyeji fasta tunamkatisha "aah hayo yameshapita, karibu chai". Kwa nini jamani? Rais wao Steinmeier alienda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha wa mambo ya Majimaji, ile vita ya watu wa kusini kuupinga utawala wa Wajerumani, tena mbele ya wajukuu wa waliouawa. Sasa kama rais kaweza, huyu wa kawaida naye asikie tu, kwamba Wajerumani walichoma mashamba makusudi watu wakafa njaa, asikie yote, akilia alie, sio kazi yetu kumbembeleza. Halafu na sisi tuulizane, mbona Wahindi waliozaliwa hapahapa mjini tunawaita wageni mpaka leo? Hilo vijiweni hatuligusi kabisa, tunacheka tu na wenyewe wanasikia.

Msomaji wenu, Iringa