Magari, Moshi na Mwaka wa Korona

Nairobi

Mpendwa Salim,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na jamaa zako mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo. Katika barua yako ulishikilia kwamba korona ilithibitisha jambo moja, yaani tukiyaondoa magari barabarani, hewa ya mjini itatakata. Niwie radhi nikikupinga.

Kuhusu naitrojeni dioksidi sina ubishi. Gesi hiyo hutoka hasa kwenye injini na mitambo inayochoma makaa ya mawe, na haidumu hewani ila kwa saa chache, hivyo chanzo chake kikizimwa nayo hupungua upesi. Wuhan ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020, vipimo vya setilaiti vilionyesha gesi hiyo ikipungua sana juu ya miji ya China, na majuma machache baadaye ikawa vivyo hivyo kaskazini mwa Italia.

Sasa itazame Beijing. Februari ya mwaka huo huo, watu wakiwa wamejifungia majumbani, ukungu mzito wa moshi uliufunika mji ule kwa siku kadhaa. Viwanda vya chuma na mitambo ya umeme ya kanda ile viliendelea kufanya kazi, kwa kuwa tanuri la chuma si jiko la mkaa la kuzimwa jioni na kuwashwa asubuhi; upepo nao ulitulia na unyevu ukazidi. Ajabu zaidi ni kwamba naitrojeni oksidi, gesi nyingine itokayo kwenye magari, huila ozoni, gesi kali iliyomo katika hewa tunayoivuta; kwa hiyo ilipoadimika, ozoni ilipanda, ikachochea gesi zilizobaki kugeuka kuwa chembechembe za PM2.5, ambazo upana wake haupiti mikromita 2.5 na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Delhi ilikuwa na bahati zaidi, kwani India ilipofungwa kuanzia tarehe 25 Machi, ujenzi, malori na viwanda vingi vilisimama kwa pamoja, na chembechembe hizo zikapungua kweli. Hata hivyo, Novemba ilipofika na wakulima wa majimbo ya karibu ya Punjab na Haryana wakachoma mabua ya mpunga, moshi ulirudi.

Na sisi je? Utakumbuka picha ya Aprili 2020 iliyouonyesha Mlima Kenya nyuma ya majengo ya Nairobi, ambayo wengi waliiita ya kughushi. Mimi naiamini, lakini sikubali kafyu ipewe sifa zote, maana masika huosha hewa yetu kila mwaka. Moshi wa jalala la Dandora na wa majiko ya mkaa haukusubiri ruhusa ya polisi. Ningekuwa na kauli katika kaunti, ningeanza na taka zinazochomwa na malori makuukuu ya dizeli, kabla ya kumgusa mwenye gari dogo. Nijibu, hata kama ni kwa kunikosoa.

Wako,
Hamisi