Bia ya Waingereza haikuharibika

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika katika safu hii kwamba aliuziwa London bia "ya moto, haina gesi", akahitimisha kuwa Waingereza hawajui kutunza bia. Mimi natunza mapipa ya baa moja hapa Leeds, na maneno yale yameniuma.

Alichopewa, kwa maelezo yake, ni eli ya pipa, bia ya jadi ya Waingereza. Hii haichujwi kiwandani wala haipitishwi kwenye joto la kuua hamira. Inakuja ikiwa hai na inaendelea kuchachuka ndani ya pipa lenyewe, na gesi yake ni hiyo tu inayojitengenezea. Kwa hiyo stoo yetu, iliyo chini ya ardhi, haitoki nyuzijoto 11 hadi 13. Ukiigandisha kama tunavyopenda nyumbani, ladha yote inajificha. Ukiiacha kwenye joto, inaelekea kuwa siki.

Pipa la kawaida lina galoni 9, karibu lita 41. Likishalazwa kwenye kitanda chake, halisogezwi. Natoboa kizibo cha juu na kuchomeka kijiti cha mbao laini ili lipumue. Povu linapanda, nalifuta, linapanda tena, mara nyingi hadi kesho yake. Likitulia, naweka kijiti kigumu kuzuia gesi iliyobaki. Nani anasema hapo hakuna utunzaji?

Kisha mashapo ya hamira yashuke chini ya pipa. Kwa desturi yanashushwa na ute wa mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, na mimi mtoto wa Mwanza nilifurahi sana kulijua hilo, maana mabondo ya sangara wa ziwa letu nayo yamewahi kuuzwa Uingereza kwa kazi hii. Viwanda vingine siku hizi vimeacha, kwa ajili ya wasiokula nyama wala samaki.

Pipa likianza kuuzwa, hewa inaingia kila painti inapotoka, hivyo lina siku 3 tu za ubora. Mirija nayo ioshwe kila wiki. Baa zinazopuuza haya zipo, nazo zilaumiwe bila huruma.

Msomaji mwenzangu akirudi huku, aagize nusu painti kwanza. Ikinuka siki, airudishe kaunta bila haya. Baa inayojiheshimu itambadilishia palepale.

Mtunza mapipa,
Leeds, Uingereza