Barua ya wazi kwa vijana mnaosaidia wapangaji Mtwara: mradi unaondoka, mpangaji anabaki

Wanangu hamjambo. Nawaandikia nyie mnaohangaika na wapangaji hapa Mtwara mjini na Mikindani, mnaosuluhisha ugomvi wa LUKU na wa kodi, mnaomtafutia chumba mama aliyetolewa vitu nje na wanawe, na wale wachache mnaoendesha vyumba vya watu waliotoka vijijini kuja kuuguza hospitali ya Ligula. Nimesikia mradi wenu unaisha na sa hivi kila mkikutana stori ni moja, tuandike andiko gani, tumuombe nani. Mi nimekaa kwenye mahesabu ya ushirika wa korosho miaka mingi na mpaka leo ni mama mwenye nyumba, nina vyumba vya kupangisha Chikongola, kwa hiyo upande wa hela na upande wa nyumba yote naijua, nisikilizeni basi.

Kinachoniumiza ni kwamba mnampa mpangaji ahadi ya muda mrefu kwa hela ya muda mfupi. Mfadhili anakuja na mradi wa miaka miwili mitatu, mnafungua ofisi, mnatangaza namba ya simu mitaani, watu wanajua wakionewa na mwenye nyumba wapige pale. Afu siku mradi unafungwa simu haipokelewi. Yule mama haijui tarehe ya mwisho ya mradi wenu, anachojua ni kwamba mlimwambia mpo. Na mliona wenyewe Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada ya nje, mashirika kibao nchi hii yalisimama ndani ya siku chache, watu wazuri wakarudi nyumbani, sio kwamba kazi yao ilikuwa mbovu, ni kwamba mkono uliokuwa unawalisha ulikuwa mmoja tu.

Sasa nikiwauliza, kumsaidia mpangaji mmoja asitolewe nje inagharimu shilingi ngapi, wote mnanitajia kodi mliyomlipia. Hiyo sio gharama yenu wanangu! Weka bodaboda ya kwenda kwa mwenye nyumba na kurudi, mara nyingine mara mbili tatu maana hayupo, weka vocha, weka mshahara wa yule dada anayekaa ofisini kusikiliza watu wakilia, weka siku nzima inayopotea kwa mwenyekiti wa mtaa, na kesi ikifika Baraza la Ardhi na Nyumba weka na hizo safari. Weka pango la ofisi yenu, na humo humo mjue kuna ile kodi ya zuio ya asilimia 10 mnayotakiwa kuikata kwenye hela ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA, maana nyie mnaofundisha watu haki za upangaji mkikutwa mnadaiwa zuio la pango mtaangalia watu na uso gani. Jumlisheni vyote mgawe kwa idadi ya watu mliowasaidia kweli mwaka jana. Mkishaijua hiyo namba muiandike kwenye kila andiko bila aibu, acheni ile tabia ya kuweka gharama za uendeshaji kidogo kidogo ili mfadhili awapende, matokeo yake mhasibu anafanya kazi miezi minne bila mshahara na mnajiita mna moyo. Mtu asiyelipwa ataondoka, na akiondoka anaondoka na kila kitu anachokijua kuhusu wale wapangaji.

Nije kwenye mfuko wa kodi, ile hela mnayowalipia wapangaji, hapa ndo nataka tukae kidogo. Wote tunajua shida ya mpangaji wa Mtwara mara nyingi sio kwamba hana kabisa hela ya mwezi, shida ni kwamba mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa tangu 2005 kwa hiyo ni maelewano tu ya mkataba. Mama ntilie wa sokoni elfu hamsini ya mwezi anaipata, laki tatu kwa siku moja ataitoa wapi? Nyie mnamlipia bure, na mkishalipa imeisha, mwingine akija mfuko mtupu. Mi nasema iwe inazunguka: mnamlipia laki tatu, yeye anarudisha elfu hamsini na tano kila mwezi kwa miezi sita, inakuwa 330,000, ile elfu thelathini inasaidia uendeshaji.

Lakini msidanganyike na karatasi. Wapeni watu kumi, mmetoa milioni 3. Mmoja tu asirudishe hata senti, wale tisa wanawaletea 2,970,000, yani mtu mmoja kati ya kumi kashakula faida yote na mtaji umepungua, na hapo hamjalipa hata vocha. Kwa hiyo msikopeshe mtu msiyemjua anapofanyia kazi, na msikopeshe mtu ambaye mnaona kabisa hana uwezo wa kurudisha, huyo mpeni msaada wa bure kutoka fungu lingine mlilolitenga na muandike kwamba ni msaada. Mkichanganya hivi viwili mnamuumiza masikini kwa deni na mfuko mnauua pamoja. Na ratiba ya marejesho ifuate maisha ya huku. Mtu anayetegemea korosho, iwe shamba lake au kubeba magunia au kuuzia chakula watu wa maghala, hela yake inaanza kuonekana mnada ukifunguliwa kuanzia Oktoba hivi, inakaa mpaka mwaka mpya, baada ya hapo ni kukaza mkanda. Mkimpangia alipe sawa sawa Machi na Novemba mnamtafutia kesi.

Halafu kuna sheria. Kukopesha kwa riba sio jambo la kuamua kwenye kikao cha Jumamosi, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeweka madaraja manne, mkopeshaji asiyepokea amana yuko daraja la pili na anatakiwa leseni, vikundi vya kijamii kama vicoba viko daraja la nne na vinasajiliwa. Njia rahisi kwenu naona ni wapangaji wenyewe wawe na vicoba vyao vilivyosajiliwa, wanunue hisa, wajuane, hela yenu iingie kule kuongezea nguvu. Mtu akidaiwa na jirani zake wa Magomeni hapa hapa Mtwara analipa haraka kuliko akidaiwa na shirika lenye gari.

Dar kuna mfano mkausome vizuri. Watu waliotolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji, walijikusanya kwenye vikundi vya akiba vya Shirikisho la maskini wa mijini, wakasaidiwa na shirika la CCI, wakanunua ekari 30 Chamazi kuanza kujenga. Walianza na akiba zao wenyewe, hicho ndo nataka mkione.

Na wale mnaoota kumiliki vyumba, nawaunga mkono, ila hesabu ya vyumba naijua kwa jasho. Tuseme mna vyumba nane vya elfu arobaini. Kwenye karatasi ni 3,840,000 kwa mwaka. Chukulia chumba kimoja kitupu na kimoja mtu kakwama, mnakusanya vya sita tu, 2,880,000. Sasa humo toeni moja ya tano ya ukarabati na msiiguse, maana huku kwetu karibu na bahari chumvi inakula bati na misumari mnaangalia hivi, choo kitajaa, kitasa kitavunjika, pampu itaungua. Inabaki 2,304,000, ukigawa kwa miezi kumi na mbili ni 192,000. Hiyo hailipi mshahara wa mtu wa maana hata mmoja. Vyumba vyenu vitajibeba vyenyewe, ofisi havitaibeba, na siku mkiona shida mtaanza kupandisha kodi kwa watu walewale mliowaahidi unafuu. Nimeona wenye nyumba wangapi hapa mjini wamekula hela ya ukarabati miaka mitano halafu nyumba ikawadai yote kwa mkupuo.

Msijenge pia kwa hesabu za kipindi cha neema. Mnaokumbuka 2012, 2013 habari za gesi, Shangani nyumba zilikuwa zinatajiwa bei za dola, watu wakakopa benki kujenga gesti, wageni walivyopungua vyumba vikabaki na madeni. Pangeni kwa kodi ya mwaka mbaya.

Kuna hela nyingine iko mbele yenu hamuioni. Nyumba nyingi za hapa wenyewe wako Dar, wanategemea mdogo wake nani akusanye kodi, hela haifiki, nyumba inaoza. Na mpangaji naye dalali anamla kodi ya mwezi mzima kumwonyesha tu mlango. Nyie mnaaminika pande zote, simamieni nyumba hizo, mkataba ulioandikwa, risiti kwa kila malipo, LUKU kila chumba na yake ikiwezekana, mwenye nyumba awalipe asilimia 10 ya kodi iliyokusanywa. Vyumba arobaini vya elfu hamsini ni laki mbili kila mwezi, na wapangaji wanapata mwenye nyumba anayefuata mkataba. Ila wekeni mpaka kwa maandishi kabla hamjaanza: ugomvi ukitokea kwenye nyumba mnayoisimamia, usuluhishi unaenda kwa mtu mwingine, na nyie hamumtoi mtu vitu nje kwa niaba ya mwenye nyumba, hata alipe kiasi gani. Mkilegeza hapo mmekwisha, watu wa mtaani watawaita madalali na watakuwa sahihi. Muulizeni na mtu wa TRA mapema, maana biashara ikifanywa na shirika bado ni biashara.

Mnalijua Boma la Mikindani, lile la Wajerumani la 1895, shirika la hisani kutoka Uingereza, Trade Aid, walilikarabati likawa hoteli ili mapato yasaidie kazi zao. Ni wazo zuri sana na liko mlangoni kwenu, nendeni mkaongee nao. Muwaulize hasa kuhusu 2020, corona ilipofunga watalii dunia nzima, maana hela ya kujitafutia nayo inakauka, ndo maana nasema msiikimbie ya mfadhili mkaning'inia kwenye biashara moja.

Nawaomba akiba. Akaunti ya peke yake, watia saini watatu, mmoja asiwe mfanyakazi, na azimio la bodi kwamba haiguswi mpaka kikao kikae. Lengo la kwanza liwe miezi mitatu ya mishahara, kodi ya ofisi na simu, hayo tu. Mradi huu unaoisha mwambieni mfadhili mapema, sasa hivi, kwamba mnataka sehemu ya hela iliyobaki itumike kuwajengea msingi badala ya kumalizia semina, wengine wanakubali wakiombwa wakati bado kuna muda.

Kabla ya mwezi kuisha nataka mtu mmoja kati yenu aniletee daftari la wapangaji wa mwaka jana na taarifa ya benki, tukae barazani kwangu tutoe ile namba ya gharama ya mtu mmoja. Aje na mhasibu. Na yule dada anayepokea simu naye aje, ana mengi ya kusema na sijaona mkimuuliza.

Bibi yenu,
Chikongola, Mtwara